Deraya ya Haruma

Kensaku alifika kwa kaka yake jua likizama, akiendesha pikapu aliyoazima kazini, kuichukua deraya ya ukoo, vazi la chuma la wapiganaji wa kale. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nyuzi za hariri zilizoshikanisha vipande vya bega la kulia zilikuwa zimeanza kuachia, na sikukuu ya watoto wa kiume ilikuwa inabisha hodi, siku ambayo deraya hutolewa sandukuni na kuketishwa kwenye shubaka la sebuleni, wageni waione. Mji mzima ulikuwa na fundi mmoja wa vitu hivyo, naye ni Kensaku wa jumba la makumbusho. Kaka yake Tadaomi angempelekea nani mwingine?

Aliteremka garini akichechemea. Mguu wa kushoto ulikuwa hivyo tangu utotoni. Walianguka pamoja kutoka tawi moja la mti wa matunda ya kaki, yeye na Tadaomi. Tadaomi aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake kula. Kensaku alibebwa.

Watu wa kule wanasema deraya hupokea mabaya yanayomwandama mtoto. Ila ina mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, na katika ukoo wa Uozumi mtoto huyo ni mwana wa kwanza. Mwana wa pili, Kensaku, alikunjiwa kofia ya gazeti, akaambiwa acheze. Kensaku alikwenda shule, akasoma, akasema hizo ni porojo za wazee. Hata hivyo mwenye kovu usidhani kapoa, na kila alipoiona deraya ile mguu ulimkumbusha.

"Baba mdogo! Usilifunge sanduku, nikuonyeshe kitu!"

Huyo alikuwa Haruma, mwana wa pekee wa Tadaomi, pengo mbele, mdomo kama cherehani. Alipiga magoti kando ya sanduku, akagusa mkwaruzo kwenye kinga ya goti.

"Hapa ni baiskeli. Nilipiga mweleka huo! Wenzangu wakasema nimekufa. Nikaamka, hata damu hamna." Akaivuta juu mikono ya shati na kumwonyesha ngozi laini kama ya mtoto mchanga. "Na hapa ni supu. Ilinimwagikia yote. Mimi mzima, ila yeye tazama."

Hariri ya mkono wa deraya ilikuwa imeungua, kahawia, upana wa kiganja.

"Nani kakwambia mambo haya?"

"Bibi. Lakini hata asingeniambia, mimi si naona?"

Tadaomi alicheka pale mlangoni. "Msikilize mwongo wangu. Akishaambiwa hivyo hana mti asioupanda. Nimfanyeje?"

Kensaku alicheka naye. Lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya ule mkwaruzo. Chuma kile kilipakwa utomvu mweusi wa mti, ule unaokauka ukawa kama rangi, mamia ya miaka iliyopita, na mkwaruzo wa zamani juu ya utomvu hujaa vumbi ukawa wa kijivu. Huu ulikuwa unang'aa kingo zake. Ulikuwa mpya. Na sanduku lilikuwa limefungwa tangu sikukuu ya mwaka jana.

Walipokwisha kulipakia, mama yao, Bi Fusae, alimfuata hadi kwenye gari. Alimshika mkono wa koti, akanong'ona.

"Ilaze, mwanangu. Usiiketishe."

"Mama, nitashonaje bega lililolazwa?"

"Utajua mwenyewe, wewe si fundi? Kwako kuna mtoto wa kiume. Hii ina mtoto wake. Haijapelekwa hekaluni ikaombewa, haijatajiwa jina jingine. Ukiiketisha mbele ya Ritsu, utaitenga na wake."

"Ni chuma, mama."

"Haya, nifundishe chuma uzeeni." Aliuachia mkono wake. "Irudi kabla ya sikukuu. Umenisikia?"

Alisema ndiyo. Na jioni ile alikuwa anasema kweli.

Ghala la makumbusho lilikuwa limepigwa dawa ya wadudu, kwa hiyo aliiweka deraya nyumbani kwake, katika chumba cha mikeka. Bega halishoneki likiwa limelala, alijiambia, akakisimamisha kiwiliwili juu ya kigoda chake katika shubaka la chumba, kama mtu aliyekaa, kifua kikielekea ukuta. Barakoa ya chuma na kofia aliziacha sandukuni. Bila kichwa, na kwa kutazama ukuta, hiyo haikuwa kuketishwa. Alijiambia hivyo mara nyingi kidogo.

Kila jioni baada ya kazi alishona. Na fundi anaposhona hukagua. Ndiyo mazoea ya kazi. Alipitisha taa juu ya kila bati, ndani na nje. Ndipo alipoliona, kwenye kinga ya mguu wa kushoto. Shimo dogo la kubonyea, la zamani, lililojaa vumbi la kijivu. Lilikuwa na pembe tatu.

Alilijua jiwe lililochonga shimo lile. Lilikuwa chini ya mti wa kaki. Alama yake alikuwa nayo mfupani.

Aliiweka taa chini. Tawi lilikuwa moja, na chini palikuwa na jiwe moja, lakini kaka yake alikuwa ameangukia chuma hiki.

Jioni iliyofuata Ritsu alibanwa.

Mwanawe alikuwa na pumu tangu kuzaliwa, na mke wake Natsue alizijua dalili zote. Lakini safari hii dawa ya kuvuta haikufua dafu. Midomo ya mtoto iligeuka rangi ya samawati. Natsue alikuwa kwenye simu, akitaja kwa sauti kubwa nyumba na mtaa, akiwaita watu wa gari la wagonjwa, nao wakimjibu kwamba wako njiani, wako njiani…

Kensaku alimbeba mtoto hadi chumba cha mikeka.

Hakuna aliyemtuma. Aliigeuza deraya ikatazama chumbani. Aliifunga barakoa, akaifukizia kofia udi kama walivyofanya wapiganaji wa kale kabla ya kwenda kufa, ili kichwa kikikatwa kikutwe kinanukia. Akaivisha deraya kofia hiyo. Alimlaza Ritsu mbele yake.

"Huyu ni Ritsu," alinong'ona. "Ndiye mtoto wako."

Kimya.

Kisha mikanda ya ngozi ya deraya ikalia ndani ya kile kifua kitupu… kwiii… kama mtu anayevuta pumzi baada ya kukaa muda mrefu bila kupumua.

Ritsu alivuta pumzi.

Wakati huohuo mlango ulifunguliwa na watu wa gari la wagonjwa wakaingia na mitungi yao ya hewa. Hospitalini daktari alimpa mtoto dawa nyingine, mpya, ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo yalitokea mambo mawili jioni moja. Kensaku alichagua moja la kuliamini.

Bega lilikwisha kushonwa. Hakukuwa na sababu tena ya kuikalisha deraya pale. Kesho nitairudisha, alisema. Kesho ilipofika, Ritsu alikuwa anakimbia uani akimfukuza paka, kwa mara ya kwanza maishani mwake anakimbia bila kusimama kushika kifua. Baba yake alimtazama, akasema kesho.

Tatizo lilikuwa kwamba deraya haikutulia.

Ilianza jioni, watu wakiwa mezani. Krr… Kimya. Krr… Miguu ya kigoda ikikwaruza mikeka. Natsue alishusha vijiti vyake vya kulia.

"Panya?"

"Panya."

Lakini alipokwenda kuangalia, deraya ilikuwa imelipa shubaka ubavu. Ilitazama dirisha la mashariki. Nje hakukuwa na kitu ila mashamba ya mpunga yaliyojazwa maji, na ng'ambo ya mashamba, paa la nyumba ya Tadaomi. Kensaku aliishika mabegani na kuirudisha. Ilikuwa nzito kuliko kawaida yake. Asubuhi aliikuta inatazama mashariki tena.

"Ni wewe unayeigeuza?" Natsue alimwuliza.

"Hapana."

"Basi irudishe kwao, Kensaku."

"Baada ya sikukuu."

"Si ndiyo wanayoitaka kwa sikukuu?"

"Umemwona Ritsu anavyopumua?"

Natsue aligeukia uani. Mtoto alikuwa amepanda ukuta, anaimba. Alimtazama muda mrefu, kisha akaingia jikoni, na tangu hapo hakulizungumzia tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nao walikuwa wazazi wawili. Aibu waligawana nusu kwa nusu, kila mmoja akaila yake peke yake.

Tadaomi alipiga simu. Alikuwa anacheka. "Huyu mwanao wa huku kapatwa na nini? Kajiunguza kidole, kalia mpaka majirani wamekuja. Hajawahi kulia hivyo." Akapiga tena, safari hii bila kucheka sana. Haruma amejigonga mlangoni, nyusi imepasuka, imeshonwa. "Deraya imefikia wapi? Mama hanipi raha."

"Karibu," Kensaku alisema. "Utomvu tu."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Alikata simu, akakaa pale sakafuni. Alimwona Haruma na ule mdomo wake, akijitupa kutoka matawini bila woga, maana hakuna aliyemwambia kwamba sasa hana kitu chini yake. Angeweza kumwambia yeye mwenyewe. Neno moja kwenye simu lingetosha: mchungeni. Lakini angeulizwa kwa nini.

Siku chache kabla ya sikukuu, mchana, Haruma aliruka mfereji. Alikuwa anauruka kila siku. Theluji ya milimani ilikuwa inayeyuka na maji yalikuwa mengi, ya baridi kali. Walimtoa mbali, penye wavu wa takataka. Moyo ulikuwa unadunda bado. Macho hakuyafungua.

Magharibi, mvua ikinyesha, Tadaomi alisimama mlangoni kwa Kensaku. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini.

"Nimekuja kuichukua," alisema. "Mama anataka iketishwe kando ya kitanda cha Haruma, leo hii. Hospitali watanicheka, na wanicheke. Mimi siamini, mdogo wangu, unanijua. Lakini leo nitaamini chochote."

Kensaku alisimama katikati ya ushoroba. Nyuma yake mlango wa karatasi wa chumba cha mikeka ulikuwa umefungwa. Kupitia uwazi wa jikoni aliweza kumwona Ritsu anakula wali, anatafuna huku akiongea, anapumua. Alimtazama. Akamtazama kaka yake.

"Utomvu haujakauka," alisema.

"Hata kidogo?"

"Nikiigusa leo itaachia yote. Nipe kesho. Keshokutwa."

"Hata vipande? Nipe hata kofia peke yake."

"Kaka… hata kofia."

Krr…

Tadaomi aliinua kichwa. "Ni nini hicho?"

"Paka."

Krr… Krr… Karibu zaidi.

Tadaomi hakusikiliza tena. Alikuwa amemwona Ritsu. "Kifua chake kinaendeleaje?"

"Afadhali."

"Nafurahi." Akayapangusa macho kwa kiganja chenye tope. "Nafurahi kweli, Kensaku. Angalau mmoja wao." Aliinama mbele ya mdogo wake, akaomba radhi kwa kumsumbua wakati wa chakula, akatoka mvuani. Alimwamini. Katika mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyejua utomvu unakauka lini.

Kensaku alingoja hadi gari liondoke. Kisha akaufungua mlango wa karatasi.

Deraya haikuwa kwenye shubaka.

Ilikuwa hapo hapo. Nyuma ya mlango. Barakoa ya chuma ikiwa imebaki upana wa kiganja kuufikia uso wake.

Harufu ya udi haikuwepo. Palinuka tope. Palinuka majani yaliyooza na theluji. Barakoa zile zina tundu dogo chini ya kidevu, la kutolea jasho la mpiganaji. Kwenye tundu palikuwa na tone. Lilirefuka… likaanguka mguuni kwake. Lilikuwa la baridi kiasi cha kuuma. Likafuata jingine.

Ndani ya macho yale matupu hakukuwa na hasira. Ilikuwa kama imekuja mlangoni kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Samahani," alinong'ona. "Samahani. Kaa na wangu. Samahani."

Simu iliita Natsue akiosha vyombo. Hakuna kati yao aliyetaka kuipokea.

Siku ya sikukuu, bendera za samaki alizopandishiwa Haruma kwa sikukuu zilikuwa bado juu ya mlingoti, hakuna aliyekumbuka kuziteremsha. Katika msiba wa Haruma, Bi Fusae alikaa mkabala na Kensaku na hakumwuliza neno. Alitazama mikono yake tu, ile ya ufundi, tangu mwanzo wa sala hadi mwisho, na Kensaku akatamani mama yake amzabe kofi mbele za watu. Hakumzaba.

Muda wa maombolezo ulipokwisha, Tadaomi alikuja na kuhani wa hekalu. Deraya isiyo na mtoto huoza, Tadaomi alisema. Iombewe, itajiwe jina la Ritsu, ikae hapa. Kensaku akaanza kukataa.

"Usikatae, bwana. Ulihangaika nayo, najua. Ungewahi kuimaliza, ungeileta. Hilo mimi na mama tumelizungumza." Aliweka paji la uso juu ya mkeka. "Mlinde mwanao. Mimi nimebaki na huyu mmoja."

Kuhani alisoma. Jina la Ritsu lilitajwa, safari hii kwa njia yake. Tangu siku hiyo deraya haikugeuka tena. Ilitazama chumbani, wima, kimya, kama kitu chochote cha makumbusho.

Hapo ndipo Kensaku alipoanza kuikagua upya. Aliomba ruhusa kazini. Alikagua kwa taa, kwa kioo cha kukuzia, bati kwa bati, uzi kwa uzi. Alitafuta alama ya jioni ile Ritsu alipobanwa. Pumu ile lazima iwe imeacha kitu: uzi uliokatika kifuani, ufa, doa. Kwenye kifua aliupata uzi mmoja uliokatika, akauwekea kioo kwa furaha. Chini ya kioo aliona meno ya nondo. Ya miaka mingi.

Alama za baiskeli na supu zilikuwepo, na baada ya hapo, kweupe. Hakukuwa na hata mkwaruzo mmoja kwa ajili ya Ritsu.

"Daktari amefurahi," Natsue alimwambia aliporudi na Ritsu kutoka kliniki. Hakumtazama usoni. "Anasema ni dawa. Anasema watoto wengi inawafaa namna hii, tangu siku ya kwanza."

Kensaku akarudi kwenye deraya. Kama ilikuwa dawa, basi deraya ilikaa pale siku zote zile bila kazi, inatazama mashariki, na mfereji ulikuwa unajaa maji. Alikuwa amemnyima kaka yake kitu ambacho yeye mwenyewe hakukihitaji. Lakini kama ingepatikana alama moja, hata ya ukucha, basi alikuwa baba aliyechagua mwanawe, na dhambi hiyo angeweza kuibeba mpaka kaburini. Alihitaji alama moja tu. Akawa anakagua kila jioni, na kila jioni Ritsu alikuwa mzima wa afya, hajikwai, hajiungui, hajikati. Deraya itapata wapi alama kwa mtoto asiyeumia?

Jioni moja alisimama chini ya ngazi. Kwenye kidato cha juu palikuwa na kigari cha kuchezea, chekundu, cha magurudumu. Alikuwa amekiona tangu mchana. Alipanda mara mbili na kushuka mara mbili, akakikwepa kwa uangalifu mara zote. Sasa alikitazama, na mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu.

"Baba!" Ritsu aliita kutoka chumbani kwake juu. "Baba, nakuja, nikuonyeshe kitu!"

Kensaku hakuinua mkono. Huko juu miguu midogo ilianza kukimbia, naye akakigeuza kichwa, akatega sikio upande wa chumba cha mikeka.